Komeo la Tatu

"Weka na lingine hapa juu," Bi Pasi alisema, akigonga mbao kwa kidole. "Mkono wangu ulifikie, wa mtoto usilifikie."

Seremala alitoa skrubu mdomoni. "Mama, mlango huu una kitasa. Una komeo la katikati, una na la chini nililokuwekea juma lililopita. Humu ndani kuna nini, dhahabu?"

"Kuna mjukuu wangu."

Hapo seremala hakuwa na utani tena. Akashika kekee, akatoboa. Mjukuu mwenyewe, Kifaranga, alikuwa amechuchumaa karibu na miguu yake, akikusanya vumbi la mbao kwenye kifuniko cha chupa na kumnong'oneza mwanasesere wake kwamba hiyo ni sukari, asiimalize.

Ng'ambo ya ua, mlango mwingine ulikuwa umefungwa mchana kweupe. Mbele yake alilala mbwa wa rangi ya manjano, sikio moja limechanika, mnyororo umefungwa kwenye nguzo ya baraza. Kila kekee ilipolia, mbwa alifumbua jicho moja akamtazama Bi Pasi. Si seremala, Bi Pasi. Au ndivyo Bi Pasi alivyoona.

"Unamwona?" alisema. "Ananihesabu."

Bi Pasi alikuwa dobi. Alifua nguo za watu, akazianika, akazipiga pasi, akazirudisha zimekunjwa hata wenyewe wakaona haya kuzivaa. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho. Ua mzima wa vyumba sita ulimjua kwa ile pasi yake ya mkaa, dude zito la chuma lenye jogoo mdogo wa kufungia kifuniko. Pasi hiyo ilimlisha tangu ujane ulipomkuta, ikamsomesha binti yake, na sasa ilimlisha Kifaranga, maana binti alipata kazi mji wa mbali, akamleta mtoto na begi la nguo na neno moja tu: "Mama, nakuachia roho yangu." Neno hilo Bi Pasi alilala nalo na kuamka nalo.

Binti alileta pia pasi ya umeme, mpya, kwenye boksi lake. Ilikuwa chini ya kitanda tangu siku hiyo. Zamani, akiwa msichana kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, Bi Pasi alimwona mwenzake akishika pasi kwa mkono wenye maji, akarushwa hadi ukutani, asiinuke tena. "Mkaa nauona," aliwaambia waliomcheka. "Ukiwaka nauona umewaka, ukizima nauona umezima. Umeme hauna rangi, hauna harufu. Unakuua bila hata salamu." Wala hakuwa mjinga kusema hivyo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye nyoka alimwona kwa macho yake.

Kisha akaja Popo.

Hilo nalo si jina la mtu, ni jina la ua. Alihamia chumba cha mbele mwanzoni mwa mvua, na kitanda kimoja, sufuria mbili na yule mbwa. Jioni watu wakirudi makazini, yeye ndiyo kwanza anatoka. Asubuhi watu wakitoka, yeye anarudi, macho mekundu, anajifungia, analala. "Habari za asubuhi?" "Nzuri." Basi, imeisha hiyo. Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Kumuuliza kungekuwa udadisi. Kumsengenya kulikuwa rahisi zaidi.

Na kusengenya kulikuwa na fundi wake: jirani wa chumba cha kona, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Hakuna tetesi iliyopita hewani isiingie kwenye simu yake. Asubuhi moja alikuja barazani kwa Bi Pasi, akaishika simu katikati yao, akabonyeza.

"Wazazi, kaeni macho!" sauti ikasema. "Wezi wa watoto wamehamia mitaani. Ni watu wapole, wanaishi peke yao, hawaongei na mtu. Wana mbwa waliofundishwa kunusa nyumba yenye mtoto. Sambaza kwa watu kumi uwapendao."

Redio akaibandika simu kifuani. "Mimi sijataja mtu."

"Hujataja."

"Ila kikulacho ki nguoni mwako, dada yangu. Mimi sina mtoto mdogo. Wewe unaye."

Bi Pasi angeweza kulipuuza hilo, kama si lile la mashuka.

Ua ule ulikuwa na kamba moja ndefu ya kuanikia, na sheria moja: mvua ikija, aliyepo huanua nguo za wote. Huulizi hizi za nani. Unakusanya, unaziweka kwako, mwenyewe atazifuata. Bila sheria hiyo dobi angewezaje kupeleka mzigo mtaa wa pili na huku mawingu yanamchungulia? Basi siku moja Bi Pasi alikuwa anarudi mbio, mvua imemtangulia, akamkuta Popo kifua wazi, usingizi bado usoni, amekumbatia mashuka ya nyumba ya wageni na anaingia nayo chumbani kwake. Na Kifaranga, aliyekuwa ameachwa mikononi mwa Redio, anamfuata nyuma kashika vibanio vya nguo.

Moyo wa Bi Pasi ulishuka hadi kwenye ndala.

"Wewe! Weka chini!"

"Mvua, mama," Popo alisema.

"Mvua naiona. Nguo zangu usiziguse. Tena usiziguse hata zikilowa mpaka zikaota kuvu. Na huyu mtoto usimwangalie hata kwa bahati mbaya. Umesikia?"

Popo alimtazama, maji yakimchirizika puani. "Nimesikia, mama." Akampa mashuka, makavu yote, akaingia ndani.

Jioni ile ndipo seremala alipoitwa mara ya kwanza. Na kazi nayo ikahama. Miaka yote Bi Pasi alipiga pasi barazani, jiko la kuwashia makaa liko miguuni, huku akisalimiana na wapitao. Sasa kukaa pale alikuona ni kukaa kwenye meno ya mbwa. Akaingiza meza, akaingiza jiko, akafunga dirisha, maana dirisha lilitazamana na chumba cha Popo. Asubuhi mbwa alipofunguliwa kwenda haja alikuwa na tabia ya kuja kunusa chini ya mlango wake, fff, fff, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Bi Pasi akakunja gunia, akapaziba pale chini. Siku hizo kichwa kilianza kumgonga kila mchana. Alisema ni mvua. Mwaka ule kila kitu kilikuwa ni mvua: nguo kunuka, goti kuuma, mtoto kununa.

Siku ya pili baada ya komeo la juu kuwekwa, kazi ilikuwa nyingi. Nyumba ya wageni ilikuwa ikipokea kundi kubwa jioni hiyo, wakataka mashuka yote mapema. Asubuhi jua lilitoka kwa dharau. Bi Pasi akaanika yaliyokuwa bado mabichi, yaliyokauka akaingia nayo ndani, akajaza jiko makaa hadi juu ili asipungukiwe katikati ya kazi. Akafunga kitasa. Akasukuma komeo la chini, la katikati, na lile la juu, ambalo liliingia kwa mlio wa kushiba. Akalisukuma gunia kwa mguu likae sawa. Akashusha pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, alijiona yuko salama.

Alipiga pasi huku akiimba puani. Kifaranga alicheza chini ya meza, kisha akasema kichwa kinamuuma, kisha akasema anataka kulala.

"Mchana huu, bila kubembelezwa? Leo jua limetokea wapi?" Akamlaza kitandani, akamfunika, akarudi mezani.

Shuka lililofuata lilikuwa na kona zisizoelewana. Alikunja, akakunjua, akakunja tena. Vidole havikutaka kazi. Halafu meza ikawa mbali kidogo kuliko alivyoiacha. Uzee huo, akajisemea, na njaa. Akaisimamisha pasi juu ya kigae chake, maana dobi hata akifa haachi pasi juu ya nguo, akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Kidogo tu. Apumzike kidogo tu.

Mvua ikagonga bati.

Nguo, aliwaza. Nguo zangu. Wazo lilikuwa safi kabisa, ila miguu haikulipokea. Akalituma tena. Miguu ikabaki imelala pale mbele yake, kama ya mtu mwingine.

Mlango ukagongwa.

"Mama! Nguo zinalowa!"

Sauti ya Popo. Ndiyo hii sasa, Bi Pasi aliwaza, wala hakuwa na haraka. Amekuja. Alikuwa anangoja mvua, watu wasisikie.

"Hodi! Mama, uko ndani? Nguo!"

"Usifungue," alimwambia Kifaranga, au alidhani amemwambia. "Nyamaza kabisa." Na Kifaranga akanyamaza, na bibi akaona kweli mjukuu wake ana adabu.

Mlango ukapigwa bega. Kitasa kikapasuka. Ukapigwa tena, la chini likang'oka, skrubu zikaruka hadi kwenye jiko. La katikati likafuata. Shika, baba, Bi Pasi aliliomba la juu, shika. Na likashika. Lilishika kuliko yote. Seremala alikuwa fundi kweli.

Kitu cha kwanza alichokiona alipofumbua macho kilikuwa pua. Pua nyeusi, yenye maji, juu ya pua yake. Alikuwa chali kwenye tope la ua, mvua inamwingia mdomoni, na yule mbwa kamsimamia huku anaburuta mnyororo uliokatika. Bi Pasi alimzaba kofi. Mbwa akamuuma mkono.

"Nilisema!" Hilo ndilo neno lake la kwanza. "Nilisema mbwa huyu ataniuma!"

Akajigeuza, akatapika. Alipoinua kichwa akamwona Popo amepiga magoti chini ya kamba ya nguo, bega limechubuka, Kifaranga amelala kifudifudi mapajani mwake. Mikono ya mtoto ilining'inia. Redio alikuwa amesimama kando na simu yake, midomo inacheza, haitoki hata sauti.

"Piga simu, mama, usisimame!" Popo alimkaripia Redio. "Tafuta gari! We mtoto. We mtoto, lia. Lia basi, mwanangu, hata kidogo."

Bi Pasi alitambaa. Hakukumbuka baadaye alipitaje pale, alikumbuka tu kwamba tope lilikuwa zito na mashuka yalikuwa yakimdondokea maji mgongoni. Alishika mguu wa mjukuu wake. Ulikuwa na joto, ila haukusema kitu. Akawaza: nitamwambia nini mama yake? Akawaza: Mungu wangu, nichukue mimi, mimi nimeshakula chumvi nyingi.

Kifaranga akakohoa. Akavuta pumzi ndefu, mbaya, yenye mkwaruzo, halafu akalia. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa bila sababu. Bi Pasi akalia naye, akacheka, akalia, na damu ya mkono wake ikampaka mtoto gauni zima. Gauni alilolipiga pasi asubuhi ile.

Zahanati iliwaweka wote wawili kwenye hewa ya mtungi hadi jioni. Muuguzi alimfunga Bi Pasi bendeji, akamdunga sindano ya kwanza ya mbwa na kumwambia zipo nyingine zinazofuata. Hakumgombeza. Alisema tu, huku akikusanya pamba, "Jiko la mkaa, dirisha limefungwa, mlango umezibwa hadi chini. Mngechelewa kidogo, mama, sasa hivi tungekuwa tunaongea mengine."

Popo alikuwa kwenye benchi la nje. Bega lilikuwa limevimba, na saa yake ya kwenda kazini ilikuwa imeshapita.

"Amechanjwa," Popo alimwambia Bi Pasi alipotoka, kabla ya salamu. "Mbwa. Cheti kiko nyumbani, nitakuletea. Ila sindano maliza."

Bi Pasi akakaa. Walitazama ukuta pamoja.

"Unafanya kazi gani wewe?" aliuliza hatimaye.

"Naoka mikate. Zamu ya usiku."

"Mikate." Alilitafuna neno hilo. Mwezi mzima wa makomeo, kumbe mikate. "Mbona hukusema?"

"Mliniuliza?"

Muuguzi alipita na beseni, wakaondoa miguu.

"Wenzangu wawili walishalala hivyo hivyo," Popo aliendelea. "Walijifungia na makaa kwenye stoo wakati wa baridi. Mmoja tulimwahi. Mkaa ukifungiwa unatoa sumu, na sumu yenyewe huioni wala huinusi."

Bi Pasi alitazama bendeji yake. "Ulijuaje?"

"Sikujua. Niliamshwa na mvua, nikaona mashuka yanalowa. Wewe, mama, hata wingu likipiga chafya tu umeshatoka mbio. Nikasema huyu hayupo. Nikatazama, mlango hauna kufuli nje. Nikagonga nikuambie uje uanue. Hukuitika, na kwenye ufa wa mlango likanipiga joto la makaa; hapo nikawakumbuka wenzangu." Akasugua bega. "Nguo ulinikataza kuzigusa."

"Na kama nisingekukataza?"

Popo alifikiri kwa haki. Hakuwa mtu wa kutafuta maneno matamu.

"Ningeanua," alisema. "Ningezikunja, nikarudi kulala."

Alitaka kusema asante, na alitaka kusema samahani, na hakujua lipi linatangulia, kwa hiyo akavua kanga yake ya pili akampa afunike bega. Ilikuwa safi. Ilinukia sabuni na mkaa.

Binti alipopigiwa simu usiku ule hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Bi Pasi kuliko kelele. "Mama," alisema, "nakuja Jumamosi. Nikifika nitaona. Nikiona mtoto hafai kukaa hapo, namchukua."

"Njoo uone," Bi Pasi alisema. Hakujitetea.

Jumamosi asubuhi seremala alisimama mbele ya mlango na mikono kiunoni. Mlango wenyewe ulikuwa umeegeshwa ukutani barazani, na komeo la juu bado liling'ang'ania kipande cha mwimo ambacho kilikuwa kimeng'oka pamoja nalo.

"Mwimo mzima!" alisema. "Huyu bwana anakula nini?"

"Mikate," Kifaranga alimjibu. Alikuwa amemkalisha mwanasesere juu ya boksi la pasi ya umeme, ambalo lilikuwa limetoka chini ya kitanda na kupanda mezani. Lilikuwa bado halijafunguliwa. Jiko lilikuwa limerudi barazani, na makaa yalikuwa yakishika taratibu. Bi Pasi alimeza mate kila alipoyatazama, kisha akayatazama tena.

"Mwanangu anafika mchana," alimwambia seremala. "Akute mlango umesimama."

"Utasimama. Mwimo mpya, bawaba zile zile." Seremala akavua kofia, akajikuna. "Sasa niambie mapema nisitoboe bure. Nikurudishie makomeo mangapi?"

Bi Pasi alifungua mdomo. Tone la kwanza likamwangukia mkononi, juu ya bendeji.

"Nguo!" alisema, na miguu, safari hii, ikamsikia.

Ua ulikuwa mtupu. Redio alikuwa ameenda sokoni. Tangu siku ile hakuwa amefungulia sauti yoyote ya simu hadharani, ingawa kwa siri masikioni hatujui. Bi Pasi alinyofoa vibanio kwa mkono mmoja, akarusha begani mashuka yake, magauni ya Redio, suruali za watoto wa chumba cha nyuma. Mwisho wa kamba, kwenye upande ambao miezi yote hakuwahi kufika, zilining'inia aproni mbili nyeupe zilizoungua pembeni, na shati moja. Hazikupigwa pasi. Zilikuwa zimefuliwa na mwanamume: kola bado ina mstari wa uchafu.

Mvua ikakaza. Akazianua na hizo.

Akakimbilia kwake, akasimama. Hakukuwa na mlango. Upepo ulikuwa unaingiza maji hadi mezani, na seremala na Kifaranga walikuwa wakiburuta meza kwenda kwenye kona, kila mmoja akimwamuru mwenzake. Akawatupia mashuka na magauni juu ya kitanda. Aproni na shati akabaki nazo.

Akavuka ua.

Mbwa aliinuka. Hakunguruma, wala hakutikisa mkia. Mnyororo ulikuwa mpya, na ulilala chini ya mlango wa Popo umejikunja, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema unafika wapi mpaka uvutwe. Bi Pasi alisimama pale mvua inapoishia na baraza inapoanzia. Mkono uliofungwa ulianza kumpwita wenyewe.

"Mama!" seremala aliita nyuma yake. "Hujaniambia! Mangapi?"

Hakugeuka. Alizihamishia nguo kwapani zisilowe, akaupanda ukingo wa baraza, mguu mmoja, kisha wa pili. Mbwa akasogeza pua. Akainusa aproni, taratibu, kisha akainusa bendeji.

"Hodi," Bi Pasi alisema, na ndani kitanda kikalia.